Skrini Nayo Ni Sehemu ya Bwawa: Barua ya Wazi kwa Wenye Mabwawa ya Kuogelea ya Pwani

Kwa wamiliki na mameneja wa mabwawa ya kuogelea yaliyo wazi kwa umma, Mombasa na Pwani nzima.
Nakala kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na kwa idara za afya ya umma za kaunti zetu.

Waheshimiwa,

Barua hii ni yenu nyote mnaotufungulia milango, kuanzia hoteli za ufuoni zinazopokea wageni wa kutwa hadi klabu, shule na vituo vya michezo vinavyotoza kiingilio getini. Kazi yenu ni kubwa. Mtoto wa Pwani anayekua amezungukwa na maji, kisha hajui kuogelea, yuko hatarini kila siku, na wengi katika watoto wetu wamejifunza kwenu kabla ya kuthubutu kuingia baharini.

Nawaandikia kuhusu kamera. Miaka ya karibuni zimezidi: moja getini, moja mapokezi, moja juu ya kantini, na sasa mbili tatu zimefungwa nguzoni zikiangalia maji moja kwa moja. Sipingi kamera. Kinachonisumbua ni kwamba zimefungwa na hakuna aliyetuambia nani anazitazama, picha zinawekwa wapi, na zinafutwa lini. Dukani au benki swali hilo lina uzito wake. Bwawani ni zito zaidi, kwa kuwa pale mtu huvua nguo zake akiamini kwamba anawajua walio mbele yake.

Niwaeleze nilichokiona katika bwawa mojawapo. Silitaji jina, kwa sababu mpangilio kama ule nimeukuta kwingine pia na sitaki aibu imwangukie mmoja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa za kina mama. Nje palikuwa na ubao ulioandikwa kwamba wanaume hawaingii hadi saa saba. Geti la ndani limefungwa, na juu ya ua wa makuti limetandazwa turubai ili mpita njia asione kitu. Mwokoaji alikuwa mwanamke, mwalimu mwanamke, na hata kijana wa kusafisha maji alikuwa ameambiwa arudi mchana. Kila kitu kama tulivyoahidiwa. Nikajifunga leso, nikatoka kwenda mapokezi kuuliza ada ya masomo. Nyuma ya kaunta, ukutani, ilikuwepo skrini kubwa iliyogawanywa vyumba tisa, uso wake umeelekezwa kwa wateja. Vyumba vinne kati ya hivyo tisa vilikuwa bwawa lile lile nililotoka. Picha safi, ya rangi. Niliweza kumtambua jirani yangu alivyokuwa akisukuma nywele zake ndani ya kofia ya kuogelea. Binti mmoja, ambaye siku hiyo alivaa vazi la kawaida la kuogelea kwa kuwa alijua yuko na wanawake wenzake tu, alikuwa amekaa ukingoni miguu ikining'inia majini. Mbele ya skrini walisimama wanaume watatu: karani, askari wa geti aliyekuja kunywa maji, na kijana aliyeleta kreti za soda akisubiri kutiliwa saini karatasi zake. Hakuna aliyesema neno baya. Walikuwa wanatazama tu, kama mtu anavyoitazama televisheni aliyoikuta imewashwa.

Nilipouliza, karani alinijibu kwa adabu kwamba kamera zile ni za usalama. Sina shaka alisema alichoambiwa. Lakini turubai lilikuwa limeyazuia macho ya mpita njia, na waya mmoja tu ukayaingiza ndani macho ya kila mwanamume aliyefika kaunta.

Ninachowaambia leo ni hiki: skrini ni sehemu ya bwawa. Asiyeruhusiwa kukaa ukingoni mwa maji saa hiyo, haruhusiwi kukaa mbele ya skrini saa hiyo. Anayetazama akiwa ofisini, au nyumbani kwake kwa simu, ameingia bwawani sawa na aliyekata tiketi. Mkilikubali hili, mengine yote ninayoyaomba yanafuata yenyewe.

Baadhi yenu mtasema haya ni mambo ya kina mama wa dini fulani. Ni kweli kwamba kwa sisi Waislamu wa Pwani stara si jambo la hiari, na mwanamke aliyeonekana maungo na wanaume wasio maharimu zake amevunjiwa kitu ambacho radhi ya meneja hairudishi. Wahenga walisema macho hayana pazia, na ndiyo maana watu wa mwambao wakajiwekea mapazia yao wenyewe. Nyumba za mawe za Lamu zina daka mlangoni ili mgeni mwanamume akaribishwe kwa heshima bila jicho lake kufika ndani. Saa za kina mama bwawani ni daka la namna hiyo, na ninyi mmelijenga wenyewe, mkalitangaza, mkalitoza pesa.

Lakini waulizeni na wengine. Muulizeni mwanamume aliyeungua moto akiwa mtoto, ambaye huja alfajiri kabla watu hawajajaa. Muulizeni mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa titi, aliyeshauriwa kuogelea ili mkono wake urudishe nguvu. Muulizeni mvulana wa miaka 13 anayeona haya na mwili unaobadilika. Hao wote wamekubali kuonekana na watu wachache walio nao majini, watu ambao wao pia wamevua na ambao sura zao wanaziona. Hakuna aliyekubali kurekodiwa, picha ikaweza kusimamishwa, kukuzwa na kurudishwa nyuma na mtu asiyemwona.

Naujua uzito wa hoja ya usalama, na sitaki kuipita juu juu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu kabisa. Mzazi yeyote anayejua hilo hawezi kucheza na jambo la usalama. Basi tuulizane kwa dhati: kamera ya kaunta inamwokoa nani? Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini waokoaji waliosomea kazi yao wanajua kwamba mtoto mdogo mara nyingi huzama kimya. Hapungi mkono, haiti mtu. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo unapanda na kushuka usawa wa maji, na katika muda wa sekunde 20 hadi 60 amekwenda chini. Karani anayeandika risiti hawezi kuliona hilo katika kijichumba cha skrini chenye upana wa kiganja. Jua la saa sita likipiga juu ya maji, kamera iliyo nguzoni inaona mng'aro mweupe tu.

Zipo kamera zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya wanaozama. Huko Ufaransa ulibuniwa mfumo uitwao Poseidon, ambao kamera zake huangalia hata chini ya maji, na kompyuta hupiga kengele ikiona mwili umetulia sakafuni. Mwaka 2000 ulisaidia kumwokoa kijana katika bwawa la Ancenis, huko huko Ufaransa, na mwaka 2005 msichana wa miaka 10 katika bwawa la Bangor, Wales. Nasema alhamdulillahi kwa roho hizo. Ila tazameni jinsi ilivyokuwa: mashine ilipiga kengele, na aliyejitosa majini ni mwokoaji aliyekuwa kazini, hatua chache kutoka pale. Bila yeye, kamera ingebaki na rekodi nzuri ya mtoto akifa. Nimeona mabwawa yetu yenye kamera nne juu ya maji na mwokoaji mmoja, naye huyo huyo ndiye anayekodisha maboya na kuuza miwani ya kuogelea. Pesa ya kamera ya tano ingemlipa mtu wa pili wa kukaa kwenye kiti kirefu. Usalama wenyewe hasa ni huo.

Kuna hatari nyingine inayokwenda kinyume kabisa na mnavyodhani. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha kuogelea wasichana na wanawake ambao familia zao hazikuwa zikiwaruhusu kuingia majini. Uliwapatia mavazi marefu ya kujisitiri na ukawaandaa wanawake wa pale pale wawe walimu. Wazazi walipohakikishiwa stara, ruhusa ikapatikana. Huku kwetu habari za skrini ile zikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama, na zitasambaa, mabinti watakatazwa kuja. Watakua bila kujua kuogelea, wapande mashua za kwenda visiwani, wavuke na watoto wao mikononi. Hapo kamera iliyofungwa kwa jina la usalama itakuwa imewapunguzia usalama.

Yapo mambo ambayo kamera inayafanya vizuri, na nayakubali. Wizi wa mikoba na simu kwenye makabati ni wa kweli. Ugomvi hutokea kwenye foleni na kwenye kantini. Hata mwalimu anayesingiziwa, au mtoto anayedhulumiwa na mwalimu, anaweza kupata haki yake kwa sababu palikuwa na rekodi. Kwa hiyo wekeni kamera getini, sehemu ya magari, kwenye sefu ya pesa, kwenye mlango wa stoo ya klorini. Kwenye maji yenyewe, kama mna sababu, iandikeni sababu hiyo, kisha mjiulize kama picha ya mbali isiyoonyesha sura haitoshi.

Kuhusu vyumba vya kubadilishia nguo na mabafu sitasema mengi, kwa kuwa hakuna cha kujadili. Kamera isiwepo. Isiwepo hata ile inayodaiwa kuangalia masinki tu. Na ile ya ukumbini ipimwe mlango ukiwa wazi, kwa sababu mlango wa bafu hufunguliwa mara mia kwa siku.

Sasa nije kwenye picha zinapokwenda, maana hapa ndipo wengi wenu, naamini, hamjui wenyewe. Mashine nyingi za kurekodi zinazouzwa mjini huandika picha mpaka diski ijae, kisha zinaanza kufuta za zamani na kuandika mpya juu yake. Maana yake ni kwamba muda wa kuhifadhiwa kwa picha za binti zetu umeamuliwa na ukubwa wa diski aliyoichagua fundi siku ile. Fundi huyo aliunganisha mashine na intaneti ili bosi aweze kutazama akiwa nyumbani. Nenosiri aliloweka huenda ni lile lililotoka nalo kiwandani, au analijua yeye bado, au analijua meneja aliyeacha kazi mwaka juzi. Programu ya kutazamia inaweza kuwa kwenye simu tano, na hakuna aliyezihesabu. Anayetaka kutoa kipande cha video hahitaji hata hilo. Anainua simu yake na kuirekodi skrini.

Wala hizi si hofu za mtu asiyependa teknolojia. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi kwa wingi duniani, na njia yake kubwa ilikuwa kujaribu manenosiri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Mwezi Machi 2021 wadukuzi waliingia katika mfumo wa Verkada, kampuni ya kamera ya Marekani, na wakasema wamefikia kamera zipatazo 150,000, zikiwemo za hospitali, shule na magereza. Kampuni ile ilikuwa na wahandisi wake wa usalama. Mabwawa yetu yana fundi anayepigiwa simu mashine ikikwama.

Sheria ya nchi yetu haikunyamaza katika haya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Inamtaka anayeikusanya amwambie mwenyewe kwamba inakusanywa, kwa sababu gani, na nani mwingine ataipata. Inamkataza kuihifadhi kupita haja yake. Inampa mtu haki ya kuiona, kupinga na kuomba ifutwe. Kwa watoto inataka idhini ya mzazi au mlezi, na inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Kanuni za usajili zilizofuata mwaka 2021 zimewataja kwa jina wanaoendesha kamera za CCTV za usalama miongoni mwa wanaopaswa kujisajili hata kama biashara zao ni ndogo, na cheti chake hudumu miezi 24. Mabwawa niliyoyatembelea yanabandika leseni ya biashara, kibali cha chakula na bei ya soda. Cheti hicho sijakiona ukutani, na tangazo la kamera nililolikuta linasema tu kwamba unarekodiwa, kwa herufi kubwa za kumtisha mwizi.

Ndugu zetu wa Tanzania nao wana sheria yao ya mwaka 2022, inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenye hoteli zenye matawi pande zote mbili za mpaka wasidhani kwamba kuvuka Horohoro kunawaondolea wajibu.

Kisha kuna picha mnazozipiga wenyewe kwa matangazo. Kila baada ya mashindano ya watoto, ukurasa wa bwawa hujaa picha: watoto wamepangwa mstari na mavazi ya kuogelea, majina kifuani, jina la shule chini ya picha. Najua mnaona fahari, na watoto wenyewe wanafurahi. Lakini mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Roma School ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi, na siku hizo hizo ikaitoza klabu ya burudani ya Casa Vera Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wanafunzi wale hawakuwa wamevaa nguo za kuogelea, na mteja yule alikuwa mtu mzima. Fomu ya kujiunga na masomo yenye mstari mdogo chini kabisa, kwamba mzazi akitia saini amekubali kila kitu, haitoshi. Niulizeni kwa swali la peke yake, nami niwe na uhuru wa kujibu hapana, mtoto wangu asinyimwe nafasi kwa jibu hilo.

Na simu za wageni? Mtasema hizo hamziwezi. Mnaziweza kuliko serikali inavyoziweza. Sheria ya data imemwacha nje mtu anayepiga picha kwa mambo yake ya nyumbani. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, inayomwadhibu anayesambaza picha za faragha za mwenziwe kwa kifungo kisichozidi miaka miwili au faini isiyozidi Sh200,000, au vyote viwili, huja madhara yakishatokea. Katikati ya hizo mbili kuna kanuni zenu za mlangoni. Mnakataza chakula cha kutoka nje, mnakataza kuingia majini na jinzi, na watu wanatii. Kanuni za mabwawa mengi ya Ujerumani zinakataza kumpiga mtu picha bila idhini yake, na mabwawa hayo hayajakosa wateja. Tengeni pembe moja yenye ukuta nyuma, ambapo familia itapiga picha zake bila kumchukua mtu mwingine. Kwingineko simu ibaki mkobani. Saa za kina mama simu zikae mapokezi, na mama mwenye mtoto mgonjwa nyumbani aachiwe namba ya mapokezi ya kupigiwa.

Ninayowaomba kuhusu kamera yanawezekana wiki hii. Igeuzeni skrini isitazame wateja, au iondoeni ukutani kabisa, ikae katika chumba chenye ufunguo. Mashine mlizonazo karibu zote zinaweza kupangiwa saa, na zinaweza kufunika sehemu ya picha kwa kiraka cheusi. Mwambieni fundi aipange hivyo ili saa za kina mama kamera za maji zizimwe, au zitazamwe na mwanamke mmoja ambaye jina lake linajulikana. Badilisheni manenosiri na mfute programu kwenye simu zote, kisha muanze upya na watu wawili tu. Wekeni daftari: kila anayefungua rekodi za nyuma aandike jina, tarehe, saa na sababu, na asifungue peke yake. Chagueni idadi ya siku za kuhifadhi picha, muiandike, na muifuate. Kamera yenye kurekodi sauti izimwe sauti, kwa kuwa mazungumzo ya kina mama ukingoni hayana uhusiano na usalama wa mtu yeyote.

Kisha bandikeni tangazo la kweli, kwa Kiswahili kinachoeleweka: kamera ziko wapi, zinaangalia nini, nani anazitazama, picha zinakaa siku ngapi, na namba ya simu ya anayewajibika. Mtu asome kabla ya kulipa, si baada.

Kwako, Kamishna wa Ulinzi wa Data, ombi langu ni mwongozo mahususi kwa maeneo ambako watu huvua nguo: mabwawa, jimu, mabafu ya mvuke, saluni. Mwongozo wa jumla kuhusu CCTV unamfaa mwenye duka, lakini haumwambii meneja wa bwawa la Nyali au Malindi afanye nini na saa za kina mama. Tuma pia maafisa wako wakague bila kuarifu, siku ya Jumamosi, na waanzie mapokezi. Najua sheria imekupa siku 90 kulichunguza na kulimaliza lalamiko. Kwa picha ya mtoto iliyokwisha kuingia mtandaoni, siku 90 ni nyingi mno, na ukaguzi wa mapema unamfaa kuliko hukumu ya baadaye.

Idara za afya za kaunti tayari zina maafisa wanaokuja kupima klorini. Wanaingia, wanachota maji, wanaandika. Waongezewe maswali mawili kwenye fomu yao: cheti cha usajili wa data kiko wapi, na skrini imeelekea wapi. Hayo hayahitaji maabara.

Nanyi wazazi na waogeleaji wenzangu, tusiyaache haya kwa barua moja. Mnapolipa kiingilio, ulizeni nani anatazama kamera. Ulizeni kwa upole, mbele ya foleni, ili na wa nyuma wasikie. Mkijibiwa kwamba ni za usalama tu, ulizeni tena. Mwenye bwawa asiyejua jibu atalitafuta akiulizwa na watu kumi kwa siku moja.

Waheshimiwa, sitaki bwawa lolote lifungwe, wala sitaki mlinzi au karani yeyote afukuzwe kazi kwa kosa la mpangilio ambao hakuupanga yeye. Nataka binti zetu waje Jumamosi waogelee. Jibu lenu naliomba kwa maandishi, libandikwe pale pale mlipobandika bei ya kiingilio, kabla likizo ya Agosti haijaanza.

Wenu katika heri,
Mama na mwogeleaji, Mombasa